Picha za vigango mtandaoni: ziachwe huru au zifungwe?

Mleta mada:
Wakuu, juzi nimebishana na mtu anayetaka makumbusho yote duniani yaweke mikusanyo yao mtandaoni, bure, bila sharti. Mfano wake ni makumbusho ya Metropolitan ya New York. Tangu Februari 2017 picha zake zaidi ya 375,000, za kazi zisizo na hakimiliki tena, unapakua, unachapa kwenye fulana, unauza, na hakuna wa kukudai senti. Kwa Rembrandt, yule mchoraji wa kale wa Uholanzi, sina neno. Yule alichora ili watazamaji watazame naye alipwe.

Kigango je? Kwa asiyekijua: ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa aghalabu duara, kifua kimejaa vipembetatu vya kuchonga. Wagiriama wa pwani ya Kenya humsimamishia marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na kikishasimama hakihamishwi, hata watu wakihama mji. Vimeng'olewa kwa mamia, vikapitia kwa wauza vinyago, vikaishia kwa matajiri wa Marekani na kutoka huko makumbusho. Leo tuseme picha ni ya kila mtu? Aliyeibiwa ubao aibiwe na sura yake? Sheria ya hakimiliki haimsaidii, maana kwayo hiyo ni kazi ya zamani isiyo na mwenyewe. Mimi nasema zifungwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo umepotea. Mzee Kalume Mwakiru aliwasimamishia ndugu zake vigango viwili, vikaibwa 1985. Vilirudi vipi? Kwa picha! Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga mzee picha navyo mwaka huohuo. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akaona slaidi ya kigango kilichokuwa kwenye makumbusho moja jimboni Illinois, akakitambua. Cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Hadi kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi, mzee mwenyewe keshafariki zamani. Miaka 14 ya kubahatisha, kwa sababu hapakuwa na pa kutafutia. Ukifunga picha unamfungia nani? Mwizi anajua alikouza.

Mchangiaji wa pili:
Na hata zikifunguliwa, mjukuu aliye Kaloleni, huko kwa Wagiriama, atafute kwa neno gani? Akiandika "kigango", kumbe huko kimesajiliwa kwa Kiingereza kama nguzo ya ukumbusho, chini "Kenya, karne ya 20", basi. Hapo bando lishakwisha.

Mleta mada:
Hiyo ya Mwakiru imenibana, nakiri. Lakini tazameni kilichomrudishia mali: picha, jina la makumbusho, na mtu anayekijua. Ruhusa ya kuchapa fulana haikuwemo. Narekebisha hoja: picha ionekane, iandikwe kigango kwa jina lake, na wataje kilinunuliwa kwa nani na lini. Hapo kwenye "kwa nani" ndipo wengi watakapokohoa! Leseni ya biashara isitolewe mpaka wenyewe waseme. Wala si mimi peke yangu. Ripoti ya Sarr na Savoy ya 2018, iliyoandikwa kwa rais wa Ufaransa kuhusu kurudisha mali za Afrika, ilitaka pia picha zake ziwe wazi kwa wote. Mwaka 2019 wasomi na watu wa makumbusho zaidi ya 100 wakaijibu kwamba hilo nalo ni la wenye mali kuamua, si la Paris.

Mchangiaji wa kwanza:
Wenyewe kina nani? Kigango hakina jina mgongoni. Kitakuja kudaiwa na koo tano, wazee wakae, serikali itume mtu wake, posho zigombaniwe. Wakati wote huo picha iko kabatini?

Mleta mada:
Picha isikae kabatini, nimeshasema. Kinachosubiri ni fulana.