Naomba ushauri: Essen siku moja inatosha?

Habari zenu ndugu. Mwezi wa tisa mimi na mama tunakwenda Ujerumani kwa dada yangu, Düsseldorf. Natamani sana kufika Essen kuona Zollverein, mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa 1986 na kutangazwa Urithi wa Dunia 2001. Pale yalipokuwa yakioshwa makaa sasa pana Makumbusho ya Ruhr. Marehemu baba alikuwa fundi mitambo kiwandani Tanga, kwa hiyo mashine zile nataka nizitazame kwa utulivu, si kupiga picha na kuondoka. Mliofika, siku moja inatosha? Au niongeze ya pili, twende na Duisburg kwenye kiwanda cha chuma kilichogeuzwa bustani? Mama magoti yanamsumbua, ataweza kuzunguka?