PST imegota GB 50, Outlook haipokei barua: nianzie wapi?

funguo7

Habari wakuu. Mashine ni ya mhasibu: Windows 10, Outlook 2016, akaunti ya POP3. Faili la PST (ambamo Outlook hutunza barua kwenye mashine) limefika GB 49.9 na tangu juzi barua haziingii, linatoka kosa 0x8004060C. Tumefuta barua za kama GB 6 lakini faili halijapungua hata MB moja. Kulinakili kwenye flashi ya GB 128 imeshindikana, inadai faili ni kubwa mno, na flashi yenyewe ni tupu. Diski C imebaki na GB 38.

Lipo na faili la pili, la enzi za Outlook 2002, GB 2 na kidogo, halifunguki kabisa. Zinazotakiwa zaidi ni ankara zilizoambatishwa.

ghafi_ghafi

Futa hilo faili, fungua Outlook upya, barua zitajishusha zenyewe kutoka kwenye seva.

tundu_la_seva

Mkuu, usifute chochote. Ushauri huo ni wa OST, yaani akaunti za Exchange au IMAP, ambako faili la kwenye mashine ni kivuli tu cha kilicho kwenye seva. Kwa POP3, barua ikishashuka kwa kawaida huondolewa kwenye seva, mara moja au baada ya siku kadhaa, hivyo hiyo PST huenda ndiyo nakala pekee iliyopo duniani.

Anza na kunakili. Flashi yako imekataa kwa sababu ina FAT32, ambayo haibebi faili moja linalofika GB 4, hata ikiwa na nafasi kiasi gani. Ifomati kwa exFAT au NTFS, ila bora utumie diski ya nje ya GB 500 hivi, maana utahitaji nafasi tena baadaye. Funga Outlook, kisha hakikisha kwenye Task Manager kwamba OUTLOOK.EXE imeondoka kweli. Mara nyingi hubaki nyuma hata dirisha likishafungwa. Halafu andika kwenye Command Prompt:

robocopy C:\Barua E:\Nakala mhasibu.pst /Z /R:3 /W:5

/Z inafanya unakili uendelee ulipoishia ukikatizwa. Usiache kuandika /R, kwa sababu bila hiyo robocopy hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Ikimaliza, piga certutil -hashfile kwa SHA256 (namba ndefu inayotokana na yaliyomo kwenye faili) kwenye faili zote mbili. Namba zisipolingana, nakala hiyo si nakala.

Kuhusu GB 6 mlizofuta: bado zimo kwenye Deleted Items, na folda hiyo iko ndani ya faili lile lile. Hata ukiimwaga, faili linabaki na mashimo ndani, ukubwa wake wa nje kwa kawaida haupungui papo hapo mpaka ulibane kwa Compact Now (Account Settings, Data Files, Settings). Kwa faili la GB 50 kazi hiyo inaweza kula usiku mzima, na laptopu ikilala katikati umejitafutia balaa. Mimi nisingelibana kabisa. Ningehamishia barua kwenye PST mpya za mwaka mmoja mmoja, kisha hili kubwa nikalistaafisha.

Ili lipumue wakati wa kuhamisha, panua ukomo kwa muda. Kwenye rejista ya Windows (fungua regedit) nenda HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\PST (haipo? itengeneze), weka thamani mbili za aina ya DWORD, kwa desimali:

MaxLargeFileSize = 56320
WarnLargeFileSize = 53504

Vipimo ni MB. Ya pili isizidi asilimia 95 ya ya kwanza. Na usishawishike kuandika 200000 ukadhani umemaliza kazi. Faili likizidi kukua, kulitengeneza siku likiharibika ndiko kunakuwa kugumu.

kamba_ya_nanga

Niguse hilo faili la Outlook 2002. Muundo wa PST wa Outlook 97 hadi 2002 una anwani za ndani za biti 32, ukomo wake GB 2. Hauongezeki kwa rejista. Ulikuja kubadilishwa na muundo wa Unikodi kwenye Outlook 2003, ambao ukomo wake wa awali ulikuwa GB 20, kisha GB 50 kuanzia Outlook 2010.

Kabla ya kulishika, thibitisha kwamba ni lenyewe. Fungua nakala kwa programu ya kusoma heksa: baiti nne za kwanza ziwe 21 42 44 4E, yaani !BDN. Kisha tazama baiti ya 10 ukihesabu kuanzia sifuri. Ikiwa 0E au 0F ni muundo wa zamani, 17 ni Unikodi. Ukikuta sifuri tupu mwanzoni, tatizo si ukubwa, ni diski.

Likiwa la zamani kweli, Microsoft walitoa kifaa kinachoitwa pst2gb. Hutengeneza faili jipya kwa kukata mkia wa lile la kwanza. Kata MB 25 kwanza. Ikishindikana, ongeza kidogo kidogo. Elewa kwamba kilichokatwa kimepotea, na huwezi kuchagua ni barua zipi: si lazima ziwe za zamani wala mpya, ni zile tu zilizokuwa mwishoni mwa faili.

Faili lililokatwa linapitishwa scanpst.exe, kifaa cha Outlook cha kutengeneza PST, ambayo kwa Outlook 2016 iko kwenye folda ya root\Office16 au Office16 ndani ya Microsoft Office. Kubali itengeneze .bak (nakala ya akiba). Irudie mpaka isilete makosa mapya. Mara moja haitoshi. Kisha tengeneza PST mpya na uingize humo kila kitu. Usiendelee kulitumia hilo la zamani.

funguo7

Nakala ipo na SHA256 zimelingana. Nimejaribu kuhamisha barua zote za kabla ya 1/1/2016 kwa Clean Up Old Items, imechukua 40 tu! Za 2014 na 2015 ziko maelfu.

tundu_la_seva

Outlook haiangalii tarehe ya kupokelewa peke yake. Inachukua iliyo ya karibuni kati ya hiyo na tarehe barua ilipoguswa mara ya mwisho. Mhasibu akiipa barua ya 2014 rangi leo, kwa Outlook hiyo ni barua ya leo. Kwenye HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Preferences weka DWORD ArchiveIgnoreLastModifiedTime = 1, funga Outlook, rudia. Na uweke tiki pale pa kujumuisha vitu vilivyozuiwa visihifadhiwe.

kamba_ya_nanga

PST mpya zisikae Documents\Outlook Files kama OneDrive inasawazisha Documents. OneDrive na Outlook zikigombea faili moja, linaweza kuharibika. Wala usiziweke kwenye folda ya mtandao wa ofisi. Ziwe C:\Barua, na nakala ichukuliwe Outlook ikiwa imefungwa.

funguo7

Ya 2014 imetoka, GB 5.2, ankara zinafunguka. Naingia 2015.