Naomba ushauri: bunduki moja ya nyati na ya shabaha, na mimi natumia mkono wa kushoto

Kushoto_Kasarani

Wadau, habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa, maana kwa kitu kama hiki ukishalipa ndiyo imetoka.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya shabaha hapa Nairobi. Cheti changu cha silaha kiko sawa, nakihuisha kila mwaka. Nina bunduki moja ya kaliba .22 (kaliba ni upana wa risasi, kwa inchi), ya bolti, yaani ule mpini wa chuma unaouvuta kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, Brno ya zamani, na hiyo ndiyo naenda nayo uwanjani. Sasa shemeji yangu anayeishi Arusha amenialika mwakani tukawinde Tanzania, kihalali, na kampuni yenye kitalu chake, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji. Kwenye orodha kuna nyati mmoja, kongoni, swala pala na ngiri. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, kwa hiyo bunduki nitakayonunua, maisha yake mengi itakuwa inatoboa karatasi. Nataka iwe moja tu, na niwe nayo mpaka uzee.

Shida ni kwamba natumia mkono wa kushoto, na jicho ninalolengea ni la kushoto. Karibu kila bunduki ninayoonyeshwa mjini bolti yake iko kulia. Nimepata nafasi tatu kupitia wauzaji wenye leseni:

Brno ZKK 602 ya kaliba .375, bolti kulia, imetumika lakini mti wake bado unang'aa. Ruger .30-06 mpya ya mkono wa kushoto, ya kuagiza. Na .416 Rigby ya mzee mmoja aliyeacha kuwinda zamani, nzuri ajabu, inauzwa na pakiti mbili za risasi.

Wengine wananiambia nisinunue, nikodishe ya kampuni hukohuko. Nyinyi mngefanyaje? Na mniambie pia, katika silaha zote mlizowahi kununua, ni ipi mnayoishukuru mpaka leo?

Mzee_wa_Ngong

Kijana wangu, chukua .375.

Risasi hii watengeneza bunduki Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na hadi leo Afrika nzima wawindaji wanaitegemea. Sababu si nguvu peke yake. Zipo nyingi zinazoishinda nguvu, hiyo .416 Rigby ya mwaka 1911 ikiwa mojawapo. Uzuri wa .375 ni kwamba inarusha risasi ya gramu 19 na ushee kwa kasi ya mita kama 770 kwa sekunde. Hiyo inamtosha nyati, na bado ukimlenga kongoni aliye mita mia mbili, inashuka karibu sawa na .30-06. Bunduki moja, wanyama wote walio kwenye orodha yako. Teke lake mtu wa kawaida analimudu akifundishwa vizuri. Ukipanda hadi .458, wengi huanza kufumba macho kabla hawajavuta triga, na hapo risasi inakwenda inakotaka yenyewe.

Hiyo .30-06 ni nzuri sana kwa kongoni na ngiri, lakini kwa nyati sheria ya Tanzania haishuki chini ya .375. Kwa hiyo haikutoshi.

Kuhusu .416, muulize muuzaji swali moja tu: nikimaliza hizo pakiti mbili, nyingine nitapata wapi hapa Nairobi? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa. Nimeona bunduki za kale mjini humu, za mitutu miwili, chuma kimechorwa maua kwa mkono, zinakaa kwenye sanduku mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna anayeleta risasi zake. Silaha usiyoweza kuifanyia mazoezi huna haki ya kumwelekezea mnyama. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa na mtu asiyejua bunduki yake ni dhambi.

Watu watakutajia Bell, yule Mskoti mwindaji wa Karamoja, Uganda, aliyeua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275. Ni kweli. Lakini Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Wewe utakuwa porini kwa siku chache.

Ninayoishukuru mimi ni Winchester Model 70 ya kabla ya 1964, kaliba hiyohiyo ya .375. Ina ule ukucha mrefu wa kuvutia ganda, wa mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898. Ukucha unaikamata risasi mara tu inapotoka magazini na hauiachii mpaka ganda litoke nje. Hata bunduki ikiwa imelala ubavu, risasi haiponyoki. Mbele ya nyati, hicho ndicho kitu unachonunua.

Binti_Shabaha

Mzee wangu, heshima zako, kaliba nakubaliana nawe kabisa. Lakini umepita haraka kwenye mkono.

Mimi pia ni wa kushoto. Bolti ya kulia uwanjani haikusumbui, kwa sababu bunduki imeegemea mfuko wa mchanga na mkono wa kulia uko huru kuivuta. Porini unasimama. Risasi ya kwanza ikishatoka, inabidi utoe mkono wa kushoto kwenye triga, uvuke juu ya darubini, uvute bolti, urudi. Bunduki imeshatoka begani na jicho limempoteza mnyama. Na kwa nyati risasi ya pili ni ya lazima, hata kama unaona ya kwanza imeingia vizuri.

Halafu kuna kitako, ule mti unaoegemea begani na shavuni. Vitako vingi vimechongwa kwa shavu la mtu wa mkono wa kulia. Ukiweka shavu la kushoto unakuta mti umekupa mgongo. Kwa .22 hutasikia kitu. Kwa .375 utatoka na shavu jekundu, na ukishaogopa bunduki yako umekwisha.

Fanya hivi kabla ya kulipa: hakikisha haina risasi, fumba macho, ilete begani mara kadhaa kwa kasi yako ya kawaida, kisha fumbua. Kama jicho liko sawasawa nyuma ya kilengeo bila kusogeza shingo, hiyo ni yako. Kama unatafutatafuta, rudisha, hata ikiwa ya bei ya bure.

Ninayoishukuru ni bunduki ya .308 ya mkono wa kushoto ambayo muuzaji aliniambia nisiisubiri, nichukue ya kulia iliyokuwa dukani. Nilisubiri.

Kaka_wa_Arusha

Habari za huko Nairobi. Mkuu, niongee kama mtu anayeshinda na wawindaji.

Kukodisha kunawezekana, kampuni nyingi zinazo bunduki za wageni na mara nyingi ni .375. Lakini zote nilizoziona ni za kulia. Mwambie shemeji yako aulize mapema, asingoje mfike kambini. Faida ya kukodisha ni kwamba unaepuka makaratasi ya mpakani. Hasara yake ni kukutana na bunduki ngeni asubuhi ya kwanza, unapiga risasi chache kwenye boksi, kisha unaambiwa tuondoke.

Ukija na yako, lete risasi za aina mbili. Za laini, zinazofunguka zikigonga nyama, na za ngumu zisizofunguka, zinazopenya hadi ndani hata mnyama akiwa amekupa mgongo. Kwa nyati wengi hutanguliza ya laini, zinazofuata ngumu. Zijaribu zote mbili huko kwenu kwanza, kwa maana si lazima zipige mahali pamoja.

Na jifunze kupiga ukiwa umesimama, mtutu umeegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu. Huku ndivyo tunavyowinda. Wageni wanafika wakiwa mabingwa wa kupiga wakiwa wameketi mezani, ukiwawekea fimbo mtutu unacheza. Fimbo hizo unaweza kutengeneza mwenyewe kwa mianzi na kipande cha mpira. Bunduki yako ya .22 inatosha kabisa kwa mazoezi hayo, na risasi zake ni rahisi.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, ile inayoanzia moja au moja na nusu. Nyati utampiga kwa umbali wa kutupa jiwe. Na iwe mbali na nyusi, la sivyo teke la .375 litakuachia alama.

Rafiki_wa_Twiga

Nitasema langu kwa heshima. Sisi watu wa Nairobi tuna mbuga mlangoni tangu 1946. Ukiwa Mombasa Road unaweza kuona twiga. Sielewi raha ya kusafiri hadi nchi jirani kwenda kuua nyati. Nunua bunduki ya shabaha, shindana, rudi nyumbani. Mashindano ya Stoni Athi yana ugumu wa kukutosha maisha yako yote.

Kushoto_Kasarani

@Rafiki_wa_Twiga nimekusikia, na sikuchukulii vibaya. Nami nawapenda wanyama. Tanzania wenyewe walifunga uwindaji mwaka 1973, wakaufungua tena 1978, na wameamua kwamba vitalu vilipe gharama za kuvilinda. Ni nchi yao na ni uamuzi wao. Nyama ya nyati huyo italiwa, na askari wa wanyamapori atakuwa nasi muda wote. Kama si halali, siendi.

@Binti_Shabaha hilo zoezi la kufumba macho nitalifanya wikendi hii.

Mwenye_Faili

Wote mmezungumzia bunduki, hakuna aliyegusa karatasi, na karatasi ndizo zitakazokula muda wako.

Cheti chako cha sasa kinataja .22, namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Hakikuruhusu kununua .375. Kila silaha inaombewa kivyake kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Usimlipe muuzaji pesa zote kabla ya kibali, lipa kidogo cha kukuwekea, na mwandikiane. Zile risasi laini na ngumu alizotaja Kaka wa Arusha zote zinahesabiwa, kwa hiyo omba idadi itakayokutosha kwa mazoezi na safari.

Namanga usifike na bunduki kwenye buti ukitarajia kueleza. Unahitaji ruhusa ya kuitoa Kenya na ruhusa ya kuiingiza Tanzania, zote mkononi kabla ya siku ya safari. Upande wa Tanzania kampuni ya uwindaji ndiyo hushughulikia, na watakuomba namba ya bunduki mapema. Ndiyo maana kuahirisha ununuzi ni kubaya. Bila namba hakuna maombi.

Na sanduku la chuma. Pima urefu. Lililotosha .22 yako huenda lisiitoshe .375 yenye darubini.

Fundi_Mtutu

Ndugu, kuhusu hiyo Brno 602. Ni bunduki imara mno, ina ukucha ule ule anaousifu Mzee wa Ngong, na zile za mwanzo zina kilengeo cha tundu kinachochomoza nyuma ukikihitaji. Nimezishika nyingi na nazipenda.

Lakini angalia kizuizi cha triga, kile kinachozuia bunduki isilie kwa bahati mbaya. Kwenye zile za zamani kinafanya kazi kinyume cha bunduki nyingine karibu zote: ukisukuma mbele umefunga, ukivuta nyuma umefungua. Mtu aliyezoea nyingine, akishtuliwa na nyati, kidole chake kitasukuma mbele na bunduki haitalia. Zaidi ya hayo, kiko upande wa kulia. Wewe wa kushoto kidole gumba chako hakikifikii bila kuvunja mshiko. Bolti kulia, kizuizi kulia, na tena kinyume. Kwa mtu mwingine ningesema chukua leo. Kwa wewe, hapana.

Kama bado unataka kuiona, fungua skrubu uangalie mti nyuma ya chuma, pale unapoanza kuwa mwembamba kuelekea mshiko. Bunduki za teke kubwa hupasuka hapo kwanza, ufa mwembamba kama unywele, na rangi mpya ya mti mara nyingi imepakwa kuuficha. "Mti bado unang'aa" ni neno linalonitia wasiwasi. Kisha tazama mdomo wa mtutu kwa tochi: ukingo uwe mviringo kamili, bila mchubuko. Mtutu ulioliwa na kutu ndani unaweza kubadilishwa, ila kwa gharama hiyo bora ununue nyingine.

Za mkono wa kushoto za .375 zipo. Blaser R8 ya Ujerumani inatengenezwa kwa mkono wa kushoto, bolti unaivuta moja kwa moja bila kuizungusha, na mtutu unabadilishwa. Bei yake lakini ni ya juu. Uliza muuzaji wako pia kama anaweza kukuletea ya Marekani ya bolti ya kawaida. Usikimbilie ya risasi moja moja kama Ruger No. 1, ingawa haina kushoto wala kulia na kizuizi chake kiko juu katikati. Kwa shabaha ni tamu. Kwa nyati mimi nataka risasi ya pili iwe tayari ndani.

Mzee_wa_Ngong

Fundi amenena. Hilo la kizuizi cha Brno nilikuwa nimelisahau, mimi ni wa kulia. Kijana, subiri ya kushoto.

Kushoto_Kasarani

Asanteni sana, kwa kweli. Nimempigia muuzaji leo mchana. Brno nimeiacha, na kizuizi chake kiko hivyo hivyo alivyosema Fundi, muuzaji mwenyewe amekiri. .416 nimeiacha pia, risasi hana. Ameahidi kunitafutia .375 ya mkono wa kushoto, bolti ya kawaida, yenye ukucha mrefu kama ikipatikana, na kuniletea bei mbili tofauti kabla ya mwisho wa mwezi. Maombi ya kibali naanza kuyaandaa sasa. Shemeji ataulizia bunduki ya kukodi ya kushoto, iwe akiba endapo karatasi zitachelewa.

Fimbo tatu nitazikata za mianzi. @Kaka_wa_Arusha, urefu wake unapimaje?

Kaka_wa_Arusha

Simama wima, zifike usawa wa macho yako. Funga mpira kama shibiri moja chini ya ncha za juu, ukizitandaza mtutu utakaa usawa wa bega. Kata ndefu kidogo kwanza, utazipunguza ukishazijaribu.