MREJESHO: Kikao cha wazazi kuhusu vipindi vya afya na mahusiano, Tukuyu

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri namna ya kuwashirikisha wazazi kabla shule yetu ya msingi haijaanza vipindi vya kubalehe na mahusiano kwa darasa la tano na la sita. Asante sana aliyesema tuwaonyeshe mafunzo yenyewe badala ya kuwahutubia.

Kikao kilianza kwa moto. Baba mmoja alisema tunawafundisha watoto uhuni. Mwalimu wa malezi akamkabidhi andalio la somo, na baba huyo akasoma mwenyewe kwa sauti: hedhi na usafi, mabadiliko ya mwili, kukataa kuguswa vibaya, kupiga simu bure 116, namba ya msaada kwa watoto, mtoto akinyanyaswa. Alipomaliza akauliza kwa nini wavulana hawamo kwenye kipindi cha hedhi. Swali zuri mno! Tumewaingiza.

Mabibi wanaolea wajukuu waliomba nesi wa zahanati aje aeleze chanjo ya HPV, maana mtaani wanaambiwa inafunga uzazi. Uzushi huo unaniuma, kwani chanjo hiyo inawakinga mabinti zetu na saratani ya mlango wa kizazi. Nesi amekubali.

Waliokuwa shambani kuvuna viazi hawakufika. Tutawafuata kupitia mabalozi wa nyumba kumi, na kikao kijacho kitakuwa jioni, si siku ya gulio.