Naomba ushauri: mfadhili wa binti yangu kumbe naye ni mtoto

Ndugu zangu, mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala, na ninauza vitafunwa asubuhi. Binti yangu wa darasa la tano anafadhiliwa kupitia kituo cha kanisani kwetu, kwa mtindo ulioanza wakati wa vita vya Korea, pale shirika la Kikristo la Compassion lilipoanzishwa mwaka 1952 kusaidia yatima. Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa, na hapo ndipo ufadhili unapotuokoa.

Wiki iliyopita ilikuja barua, ikiwa imekwisha kutafsiriwa, ambamo mfadhili, ambaye siku zote nilidhani ni mama mtu mzima, ameeleza kwamba ni msichana wa miaka 16 huko Marekani, na kwamba fedha anazotuma huzipata kwa kulea watoto wa majirani mwisho wa juma. Niliona haya, nisiseme uongo. Shemeji yangu, kinyume changu, anataka tumtafute mtandaoni tumwombe mtaji, ilhali utaratibu ni barua zote kupitia ofisini, na anwani hazitolewi.

Shemeji nimemkatalia. Ninaloomba kushauriwa ni hili: je, nimwambie mratibu wa kituo kwamba biashara yangu imeanza kusimama vizuri, nafasi hii apewe mtoto mwingine, au nitakuwa nimemvunja moyo binti huyo, na wangu pia, ambaye barua zile huzilalia chini ya mto?