Tupeane uzoefu: taa za trela zilizogoma kabla ya safari ya kambi

Mzee wa Lanet

Wadau, hamjambo. Shule zinakaribia kufungwa na najua wengi hapa watafunga trela nyuma ya gari, wapakie hema, magodoro na mtungi wa gesi, waelekee kambi ya Makalia kule Ziwa Nakuru, Bogoria, Msitu wa Kakamega au Saiwa kule Kitale. Naomba tukusanye hapa visa vya taa za trela: zilifanyaje, ulipima nini, ubovu ukapatikana wapi. Nina sababu ya kuomba. Ukipanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, nyuma yako kuna malori yaliyojaa mzigo. Trela ikishaziba taa za gari, dereva wa lori hana kingine cha kumwambia kwamba umeshika breki isipokuwa taa za trela yenyewe.

Nianze mimi. Trela tunayotumia na vijana wa kanisa ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja, kwa mwanga hafifu. Ukiwasha taa ndogo kisha ukanyage breki, badala ya kung'aa zaidi, zinazimika. Kila aliyepita alisema tununue balbu. Balbu zilikuwa nzima. Nilitafuta waya mrefu, ncha moja nikaifunga kwenye hasi ya betri, nyingine nikaigusisha kwenye chuma kitupu cha chasisi ya trela. Taa zote zikakaa sawa hapo hapo.

Shida ilikuwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Athi ikikatika, umeme hautulii. Unapenya kwenye nyuzi za balbu nyingine kutafuta pa kurudia, ndiyo maana taa moja inaamsha zote. Tulifungua bolti ya athi, tukaikuta imelala juu ya rangi na kutu. Tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu. Tangu hapo, mtu akiniambia taa za trela zimechanganyikiwa, simuulizi habari ya balbu kwanza.

Wa Dunga

Mzee, shikamoo. Huku Kisumu trela zetu ni za mashua, na mashua ikishushwa ziwani trela inaingia majini pamoja nayo. Ndugu zangu, chomoeni plagi ya taa kabla ya kurudi nyuma. Umetoka safari, breki umezikanyaga, balbu ni za moto. Zikizamishwa kwenye maji baridi kioo kinapasuka. Na plagi ikiwa bado imeunganishwa, maji yakipata umeme, shaba inaliwa haraka sana.

Jambo la pili ni magugumaji. Yakijisokota kwenye ekseli yanauvuta waya ukitoka kwenye vishikizo vyake. Kuna siku taa ya kulia ilikuwa imekufa kabisa, nikalala chini ya trela nikakuta waya unaning'inia, gamba limechubuka, nyuzi za shaba zimekuwa kijani mpaka ndani. Waya wa namna hiyo usiuunge. Kata mpaka ufikie shaba safi, na kama hakuna, vuta waya mpya wote. Sasa nimeupitisha ndani ya bomba la plastiki juu ya chasisi.

Fundi wa Bondeni

Nafanya umeme wa magari hapa Nakuru. Mzee amesema kweli: trela nyingi ninazoletewa shida ni athi. Trela zetu nyingine za juakali hazina waya wa athi kabisa, zinategemea chuma cha kukokotea kishikane na gari. Mkipaka grisi kwenye ile tufe ya chuma ambayo trela inashikia gari, au ikishika kutu, taa zinacheza. Wekeni waya wake maalum, mnene, kutoka kwenye plagi hadi kwenye chasisi.

Kwa plagi ya pini 7 iliyozoeleka kwenye magari ya volti 12, mpangilio ni huu: pini 1 njano, indiketa ya kushoto; 2 buluu, taa ya ukungu; 3 nyeupe, athi; 4 kijani, indiketa ya kulia; 5 kahawia, taa ndogo ya kulia; 6 nyekundu, breki; 7 nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Lakini rangi isikudanganye. Aliyeunda trela alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo. Chukua testa, yaani kifaa cha kupimia umeme, mwambie mtu akae kwenye usukani awashe moja moja, wewe upime kwenye soketi ya gari. Umeme ukifika kwenye soketi, gari ni zima, ubovu uko kwenye trela. Usipofika, usiiguse trela. Rudi kwenye fyuzi.

Na fyuzi ikiungua, ikabadilishwa, ikaungua tena, kuna shoti. Mahali fulani waya umechubuka unagusa chuma. Msiweke fyuzi kubwa zaidi, na msizungushie karatasi ya sigara. Nimeona waya ulioyeyuka mpaka kwenye dashibodi kwa sababu hiyo.

Mama wa Kericho

Kwangu taa zilikuwa zinawaka vizuri nyumbani. Tukishatoka, kwenye tuta la kwanza, zinakufa, halafu zinarudi zenyewe. Na huku kwetu mvua ya jioni haikosi, sasa unaendesha huku moyo umesimama, watoto nyuma, hujui kama unaonekana. Nilipeleka kwa mafundi, wakiwasha inawaka, wanasema mama trela yako ni nzima.

Aliyegundua ni kijana wangu mkubwa. Nilikaa ndani nikawasha taa zote kwa pamoja, yeye akaanza kutikisa waya kidogo kidogo kuanzia kwenye taa kuja mbele. Alipofika kwenye plagi zikazimika. Zile pini za shaba zina mpasuo katikati, na zilikuwa zimebanana kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi. Alizipanua taratibu kwa ncha ya kisu chembamba, akasugua kutu ya kijani, plagi ikaingia kwa kubana. Wenye trela, pimeni taa zote zikiwa zimewashwa pamoja, na mtikise. Taa kuwaka ikiwa imesimama kwenye boma haijathibitisha kitu.

Mkulima, Timboroa

Yangu fupi. Ukungu wa huku mnaujua. Taa zangu zilikuwa hafifu upande mmoja tu, athi nikasafisha, bado. Kumbe balbu iliyonunuliwa duka la vipuri vya malori ilikuwa ya volti 24. Kwenye gari la volti 12 inawaka, lakini kama kibatari. Someni maandishi kwenye kitako cha balbu.

Dada wa Kakamega

Asanteni, nimesoma yote. Tumebadilisha taa za trela tukaweka za LED, na sasa indiketa inapiga haraka haraka pande zote mbili. Athi tumesafisha, plagi iko sawa. Jumamosi tunaondoka kwenda Saiwa.

Fundi wa Bondeni

Dada, hapo hakuna waya mbovu. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21. LED inakula kidogo sana, basi flasha, yaani kifaa kinachopepesa indiketa, inadhani balbu imeungua ndiyo inakimbia. Kama gari lako lina flasha ya kuchomeka, nunua inayokubali LED. Kama indiketa zinaendeshwa na kompyuta ya gari, usikate waya wowote. Kuna kifaa cha katikati kinachochukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi yake. Niandikie aina ya gari na mwaka wake, na uniwekee picha ya soketi ikiwa imefunguliwa kwa nyuma, nitakwambia ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya Jumamosi.