Khaki ni rangi gani hasa? Kamati ya harusi tumegawanyika, naomba ushauri

Dada Mkubwa: Wakuu habari za muda huu. Harusi ya mdogo wangu mwezi ujao, bwana harusi kasema ndugu wote wa kiume wavae suruali za khaki, kila mtu kaenda kwa fundi wake, sasa zimekuja mbili za kwanza, moja rangi yake kama bahasha ya kaki kabisa, nyingine ina ukijani, na wote wanadai ndo khaki yenyewe. Mjomba nae anasema kaki sio rangi, ni kitambaa. Nani yuko sahihi, na tufanyeje maana harusi inakaribia?

Sindano: Mjomba hajakosea dada, kwetu ukisema kaki wengi wanaelewa kile kitambaa kigumu cha pamba cha kaptula za shule. Ila kwa Kiingereza rangi ipo.

Mzee wa Makavazi: Hilo neno Waingereza wamelitoa India. Khak ni Kiajemi, maana yake vumbi, kwa Kiurdu ikawa khaki, yaani yenye rangi ya vumbi. Mwaka 1846 afisa wa Kiingereza Harry Lumsden aliunda kikosi cha Guides kule Peshawar, siku hizi ni Pakistani, na hao ndo wanahesabika wa kwanza kwenye jeshi la Waingereza kule India kuvaa khaki, maana sare nyeupe ilikuwa inaonekana toka mbali. Vita vya 1857, askari wa Kihindi walipowaasi Waingereza, vilipolipuka vikosi vingine vikawa vinachovya nguo nyeupe kwenye matope, chai, hata kahawa, sasa hapo utapata wapi rangi moja? Halafu 1902 sare mpya ya jeshi la Uingereza ikaja imekolea na ina ukijani ndani yake. Kwa hiyo dada hizo suruali zote mbili ni khaki, msigombane.

Sindano: Ndo maana mteja akinitajia jina la rangi tu sikati kitambaa. Mpeleke bwana harusi dukani mchana, aguse mwenyewe, picha ya simu inadanganya. Akishachagua nunueni jora moja litoshe wote, kila fundi apewe kutoka hapo.

Dada Mkubwa: Asanteni sana wakuu, kesho naenda nae. Ile yenye ukijani nikiichovya itafifia iwe kama bahasha?

Sindano: Hapana, kuchovya kunaongeza rangi, hakupunguzi. Mwenyewe aivae kwenye sendofu, ya harusi ashonewe nyingine.